Mkeka Juu ya Jina

Siku Mwamina alipoitwa kwa jina lake la utoto mbele ya watu, alikuwa kwenye foleni ya kituo cha afya cha Mtakatifu Odilo, njia ya kwenda Marambo, na jino lilikuwa linamuuma. Kipriani, karani wa dirishani, aliinamia kile kioo cheusi chenye maandishi ya kijani, akasoma alichokiona, akakitoa kwa sauti ya mnadani. Foleni nzima ikageuka. Kina mama waliotoka Ruponda wakashika midomo. Mzee mmoja akatema mate pembeni, akasema, "Astaghfirullah, mtoto wa watu huyu!"

Jina hilo halitaandikwa hapa. Msichana wa Kimwera akitoka unyagoni, jina alilopewa na mama yake linabaki kulekule, na kungwi anamtoa nje na jina jipya. Kuanzia hapo, anayelitaja la zamani amemvua nguo. Kijijini kwao mtu alitozwa kuku kwa kosa hilo, na kama limetajwa mbele ya wakwe, kuku hakutosha. Sasa limetajwa na Kipriani, kwa kusoma tu, kwa sababu kadi za zamani ziliingizwa kwenye kompyuta kama zilivyokuwa, na kadi ya Mwamina iliandikwa akiwa bado anabebwa mgongoni.

Mwamina hakusema neno. Alikuwa mtu wa kutosema neno. Shule aliiacha darasa la tano mama yao alipofariki, na tangu hapo alimpikia kaka yake, akafua, akasikiliza wengine wakizungumza. Alitoka kwenye foleni na jino lake, akazunguka nyuma ya jengo mpaka kwenye chumba cha kaka yake, akakaa chini na kujifunika ushungi uso mzima.

Adinani ndiye aliyekuwa fundi wa zile kompyuta. Zilikuja kwa kontena kutoka Ulaya mwaka tisini na tisa, zimechakaa, hazina picha wala rangi, maandishi tu. Bruda Bernardo, msimamizi wa kituo, alimchukua Adinani kwa sababu alikuwa amesomea kazi hiyo Dar es Salaam kabla ada haijamshinda.

"Nani kakuliza?" Adinani aliuliza.

"Kipriani."

"Kakupiga?"

Mwamina akatikisa kichwa. Ilimchukua muda kusema. Aliposema, Adinani alicheka kwa uchungu. "Na mimi wiki iliyopita kaniita hivyohivyo. Mbele ya Bruda! Nikajifanya sijasikia."

"Lifute, kaka."

"Haliwezi kufutwa. Nikilifuta, historia yote ya ugonjwa wako inapotea, maana limefungwa nalo. Linatakiwa libaki." Akajikuna kidevu. "Lakini naweza kulifunika."

Alikuwa ameshaandika kitu kidogo alichokiita Mkeka. Hakikuwa programu kamili, kilikuwa kipande cha programu ambacho programu nyingine zinakiazima, kama majirani wanavyoazimana kinu. Kazi yake ilikuwa moja tu. Ukikipa maneno, unakiambia yakae mstari gani wa kioo, yaanzie nafasi gani, na yakikutana na maneno mengine, yapi yawe juu. Kioo chenyewe hakikujua kupanga; kilimwaga maneno kutoka juu kwenda chini kama mtu anayemwaga mpunga. Mkeka ndio ulioyatandika.

Mwamina alisimama nyuma yake akitazama. Adinani aliifungua kumbukumbu ya dada yake. Jina la utoto likawaka kijani, na chini yake mistari ya maandishi ambayo hakuna kati yao aliyeisoma; macho yao yalikuwa kwenye jina. Akaandika kwa haraka, akabonyeza, na juu ya jina kukatokea boksi dogo zuri, lenye mstari juu na mstari chini, na katikati MWAMINA.

"Ona. Lile lipo chini, ila hakuna jicho litakaloliona. Umefurahi?"

Alifurahi. Moyo ulimrudi mahali pake. Kisha akaona, kwenye ncha ya ule mstari wa chini wa boksi, upande wa kulia, herufi mbili zimechomoza peke yake: NI.

"Hizo ni za nini?"

"Zipi?" Adinani alikodoa macho. "Aa, takataka za kioo. Hizi mashine ni kuukuu. Kikizimwa kikawashwa zitaondoka."

Kikazimwa, kikawashwa. Hazikuondoka. Adinani alikuwa ameshaanza kufungua majina ya watu wengine, mmoja baada ya mwingine, na kwao boksi lilikaa safi. Mwamina aliziangalia zile herufi mbili mpaka alipoitwa kung'olewa jino. Zilionekana kama mkia wa kitu kilicholala chini ya mkeka.

Na kweli kilikuwepo kitu. Mwamina hakukijua, wala Adinani hakukijua. Alipokuwa mtoto wa miaka minne, Mwamina alichomwa sindano ya penisilini hapohapo Mtakatifu Odilo, akavimba uso, koo likaziba, akapona kwa kubahatika. Mama yao aliambiwa kisa chake akakitafsiri nyumbani kwa namna yake: mtoto alishikwa na shetani wa mtoni, akapungwa, likaisha. Adinani wakati huo alikuwa kwa mjomba wao Lindi. Mama akafa na maelezo yake. Lakini nesi aliyemchoma alikuwa ameandika kwenye kadi, chini ya jina, kwa wino mwekundu: ASICHOMWE PENISILINI. Kadi ilipoingizwa kwenye kompyuta, onyo likakaa palepale, mstari wa chini ya jina. Adinani alilipamba boksi lake kwa mistari miwili, akalipa upana mmoja kwa watu wote, na mstari wake wa chini ukalala sawasawa juu ya onyo. Onyo lilikuwa refu kuliko boksi kwa herufi mbili.

Watu walioachana na majina ya utoto walikuwa wengi. Waliokuwa na onyo walikuwa wachache. Waliokuwa na yote mawili walihesabika, na Adinani aliujaribu Mkeka kwa wale wengi.

*

Sifa za boksi zilienea. Wazee walikuja na kuku kumshukuru Adinani. Kipriani sasa alisoma majina ya heshima tupu, na foleni ikawa na adabu. Bruda Bernardo alisema kwamba kwa miaka yote aliyokaa kusini hakuna mashine iliyowahi kupendwa na waliotoka jandoni na unyagoni.

Mwezi wa korosho akaja Jumanne, mpasua mbao wa Marambo, kijana mwenye mabega kama mlango. Msumeno ulikuwa umempitia kwenye paja na kidonda kimeanza kunuka. Alikuja kwa miguu yake, anatania.

"Kipriani, andika huyu ni bwana harusi. Mahari nimeshamaliza, kilichobaki ni paja."

"Paja lenyewe limeoza, nani atalitaka?"

"Wa kwangu kashaliona zima. Atavumilia."

Mwamina alikuwa amemletea kaka yake chakula, naye kwa kuwa Kipriani alitoka kwenda kunywa maji, akapita nyuma ya meza yake. Kioo kilikuwa wazi. Boksi, ndani yake JUMANNE. Na kwenye ncha ya mstari wa chini, NI.

Akasimama. Ugali ulikuwa unamuunguza viganja kupitia kitambaa. Alitaka kumwambia mtu, lakini amwambie nini? Kwamba kuna herufi mbili? Jumanne alimkonyeza alipopita kuelekea chumba cha sindano, naye akainamisha macho kama alivyozoea.

Sista Teodosia, nesi mkuu, alitazama kioo cha chumbani kwake, akaona hakuna onyo, akamchoma. Jumanne alitoka anachechemea, akafika kwenye ngazi za baraza, akaketi. Akajikuna shingo. Akasema, "Jamani, mbona hewa imekuwa ndogo?" Midomo ikafura, macho yakafunga. Walimrudisha ndani wanakimbia. Mchumba wake, aliyekuwa amekaa kwenye kivuli na nguo za Jumanne za kubadili, alizikunja, akazikunjua, akazikunja tena, mpaka Sista alipotoka na kumshika bega.

Mganga wa wilaya alisema ni moyo. Sista Teodosia hakubisha, ila jioni hiyo kabla hajaenda nyumbani alirudi mbele ya kioo, akaifungua tena kumbukumbu ya Jumanne. Hakukuwa na onyo.

Marambo walikuwa na maelezo mengine. Walisema jina la utoto huwa linaachwa unyagoni au jandoni, linazikwa huko, linatulia. Hili la kompyuta halikuzikwa. Limefunikwa likiwa hai. Nalo linasukuma.

Mwamina aliyasikia hayo kisimani na ndoo ikamtoka mkononi. Usiku wa kuamkia harusi yake mwenyewe alimwambia Adinani, "Kaka, yule Jumanne alikuwa na mkia kama wangu."

"Mkia gani?"

"Zile herufi."

"Mwamina, na wewe umeanza ya Marambo?" Alikuwa amechoka, anafunga magunia ya mchele wa shughuli. "Mtu kafa kwa moyo. Mashine haina mkono wa kumnyonga mtu."

Hakusema tena. Alipelekwa Mbekenyera, kwa Jumaa, mkulima wa ufuta na korosho, mtu mpole mwenye mama mkali.

*

Ilikuwa mwaka elfu mbili na tatu, ufuta umefika magotini, jembe lilipomkata Mwamina kwenye unyayo. Aliufunga kwa kanga akaendelea kulima, kwa sababu mama mkwe alikuwa mstari wa pili na hakupenda kuona mtu amekaa. Baada ya siku kadhaa mguu ukajaa kama muhogo uliolowekwa. Zahanati ya jirani haikuwa na dawa. Jumaa alikuwa Lindi kuuza korosho. Mama Jumaa mwenyewe akamwingiza mkwewe kwenye kibasi, akamkalisha dirishani, akashuka naye Nachingwea, wakabebwa kwa baiskeli mpaka Mtakatifu Odilo.

"Tutamkuta kaka yako?"

"Sijui, mama."

"Husemi jingine ila sijui. Mwanangu aliniambia kaoa mke mpole. Sikujua kama ni bubu."

Hawakumkuta. Kipriani aliwaambia Adinani ameondoka tangu alfajiri kwenda Ruangwa na disketi zake. Zahanati mbili za upande ule nazo zimepata kompyuta, na kitu cha kwanza walichoomba ni Mkeka. "Kaka yako siku hizi ni mtu mkubwa, dada. Anatandikia wilaya mbili."

Chumba cha sindano kilikuwa na benchi, na kwenye benchi kulikuwa na wanawake watatu wanaosubiri zamu, mmoja wao anatoka Mbekenyera. Mama Jumaa akamfahamu mara moja, wakaanza kusalimiana na kuulizana habari za mashamba. Mwamina alilazwa kitandani mguu juu ya mto. Sista Teodosia, nywele zake sasa zimekuwa nyeupe chini ya kofia, aliufungua mguu, akanusa, akaguna.

"Umeuchelewesha. Lakini tutaupata. Sindano asubuhi na jioni." Akageukia kioo kilichokuwa kwenye meza ndogo karibu na dirisha. Akaandika namba aliyopewa na Kipriani. Akatazama. "Mwamina. Haya. Hakuna onyo lolote."

Mwamina aligeuza kichwa.

Boksi lile. Jina lake katikati. Na pale kwenye ncha, NI.

Sista alikuwa amempa mgongo, anavunja kichupa. Sindano ilinyonya dawa polepole. Mwamina aliiona mikono ile, na kwa mara ya kwanza tangu utoto kikamrudia kitu ambacho hakukijua kama ni kumbukumbu au ndoto: chumba hikihiki, dirisha hilihili, mikono hiyo, na hewa inakuwa ndogo, ndogo, mama analia jina. Siyo Mwamina. Lile lingine.

"Sista," alisema. Sauti ilitoka ndogo.

"Tulia, mwanangu. Geuka kidogo."

"Sista, zile herufi pembeni ni za nini?"

Teodosia aliangalia kwa haraka. "Hizo? Takataka za mashine. Wewe geuka."

Akageuka nusu, akasita. Watu wa Marambo walisema jina linasukuma. Jumanne alikuwa na mkia, akafa kwenye ngazi. Kama lile lililo chini linataka kuitwa, basi liitwe, labda litanyamaza. Hakuwa na akili nyingine. Lakini pale kwenye benchi alikaa mama mkwe wake, na mwanamke wa kijiji kimoja naye, na kabla jua halijazama jina lile lingefika Mbekenyera, likaingia kwenye ngoma, wakaliimba watoto. Mwamina aliona hayo yote. Kisha akaona ncha ya sindano, ina tone.

Akalitaja.

Alilitaja kwa sauti ambayo hakujua anayo, likagonga bati na kurudi. Wanawake wa kwenye benchi wakageuka wote. Mama Jumaa alisimama.

"Umesema nini?" Aliyeuliza hakuwa mama mkwe. Alikuwa Sista Teodosia, na mkono wake wenye sindano ulikuwa umesimama hewani.

"Jina langu." Machozi yalikuwa yanamtoka. "La zamani. Lipo chini ya boksi. Linataka kutoka, Sista, niliona la Jumanne…"

"Litaje tena."

"Sista, mbele ya…"

"Litaje, mtoto!"

Akalitaja tena, safari hii kwa mnong'ono. Sista Teodosia aliiweka sindano kwenye sahani ya chuma. Akamshika Mwamina kidevu, akamgeuzia kwenye mwanga wa dirisha.

"Mama yako alikuwa mwembamba, ana chale mbili hapa? Alikubeba kwa kitenge cha bluu?"

"Sijui kitenge. Chale alikuwa nazo."

"Ni wewe." Aliketi kwenye ukingo wa kitanda. "Mimi ndiye niliyekuchoma. Nilikuwa mgeni hapa, hata mwaka sijamaliza. Uliishiwa pumzi mikononi mwangu, mimi na mama yako tukikuita kwa jina hilo mpaka ukarudi. Sikulisahau. Niliandika mwenyewe chini yake kwa wino mwekundu kwamba mtoto huyu asichomwe penisilini, asichomwe kamwe. Niliandika!" Akainuka, akakiendea kioo, akaweka kidole juu ya boksi, kwenye ule mstari wa chini, akaupitisha taratibu kutoka kushoto kwenda kulia, akihesabu herufi kimoyomoyo kama mtoto wa darasa la kwanza. Kidole kikafika mwisho wa mstari, kikagusa N, kikagusa I.

"Mama yangu," alisema. "Limo humu. Limefunikwa humu."

Nje mtu alikuwa anasukuma ndoo kwenye saruji.

Kisha Sista akageuka, na uso wake Mwamina hakutaka kuutazama. "Umesema kuhusu Jumanne. Yule wa mbao."

Mwamina alitamani kurudi kwenye ukimya wake, lakini ulikuwa umekwisha kupasuka. "Alikuwa nazo, Sista. Hizohizo mbili."

Teodosia alifumba macho. Mama Jumaa alimsogelea, akidhani anaanguka. Alipoyafumbua alisema jambo moja tu: "Adinani yuko wapi?"

*

Chumba cha redio ya upepo kilikuwa mwisho wa baraza. Sista alienda mbio, na Mwamina akamfuata anaruka kwa mguu mmoja, kwa sababu aliyetandika mkeka alikuwa ndugu yake na aliyeuomba alikuwa yeye. Mkono uliomshika kwapani asianguke ulikuwa wa Mama Jumaa.

"Mama, lile nililolisema mle ndani…"

"Mimi masikio yangu yamekufa tangu masika," alisema Mama Jumaa, bila kumtazama. "Na yule shoga yangu wa kwenye benchi nitampitia nyumbani kwake leo hii. Twende."

Bruda Bernardo, waliyemkuta humo, alizungusha kitufe. Sauti zikapita kama nyuki kwenye mzinga. "Ruangwa, Ruangwa, hapa Odilo. Ova."

Mkoromo. Akarudia. Mara ya tatu sauti ikajitokeza, ya mwanamke, ya furaha, inakuja na kuondoka. "Odilo, nawapata. Habari za huko? Ova."

Sista Teodosia alimnyang'anya kipaza sauti. "Nampata Adinani? Mwambieni asiweke ule Mkeka. Asiweke! Ova."

"Adinani ameshatoka hapa, Sista, yuko njiani kwenda zahanati ya pili. Hapa amemaliza mapema. Tumeshaanza kazi." Sauti ikacheka kidogo. "Mbona kinapendeza! Watu wamefurahi, kila mtu na jina lake la heshima. Ova."

Mwamina aliegemea ukuta. Mguu ulikuwa unapiga kama ngoma, lakini hakuusikia.

"Nisikilize vizuri," alisema Sista, na kila neno alilitoa peke yake. "Simamisheni sindano. Tazameni boksi la kila mtu, upande wa kulia, mstari wa chini. Mkiona herufi zimechomoza, msimguse mtu huyo. Mmenielewa? Ova."

"Herufi?" Mkoromo. "Ndiyo, kuna mmoja asubuhi hii alikuwa nazo mbili hivi, dada mmoja amekuja na mtoto mgongoni. Tulijua ni takataka za kioo. Ova."

Bruda Bernardo alijifanyia ishara ya msalaba.

"Yuko wapi?" Sista aliuliza. "Huyo dada. Mmeshamchoma? Ova."

"Ngoja nikaulize chumba cha sindano. Msiondoke hewani."

Walisikia kiti kikisukumwa, na hatua za viatu zikienda mbali kwenye sakafu ya Ruangwa. Baada ya hapo ukabaki mkoromo. Mama Jumaa alikuwa bado amemshika Mwamina kwapani, na vidole vyake vilikuwa vimeanza kubana. Sista Teodosia alikiweka kipaza sauti mdomoni, akakishusha, akakiweka tena. Hakuna aliyekaa. Walisimama wote wanne wakiutazama ule mdomo wa chuma wa redio, wakisubiri viatu virudi.